Kutoka milima ya Kasulu hadi baharini: Kazi ya viumbe wa majini inaanzia wapi?

Na Mwandishi Wetu, Kasulu

KILA mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, maelfu ya kaya katika wilaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, huingia katika hesabu ile ile: kijana aende wapi, kwa fedha ipi, na akitoka huko atafanya kazi gani.

Kwa miaka mingi majibu yamekuwa machache. Kasulu ina chuo cha ualimu, na pale Kabanga kuna chuo cha uuguzi. Ushauri unaotolewa na walimu, wazazi na wajomba haujawahi kwenda mbali sana na chaki na bomba la sindano. Kwa muda mrefu mashirika yaliyohudumia wakimbizi nayo yaliajiri vijana wa eneo hili, lakini ajira hizo ni za mkataba na hufuata uhai wa kambi. Kambi ya Mtendeli, iliyokuwa jirani na Kibondo, ilifungwa mwaka 2021, na kazi zilizoitegemea zikaondoka nayo.

Katika mazingira hayo, kijana wa Kibondo anayesema kwamba anataka kufanya kazi na pomboo, kasa au papa huonekana kama mtu anayeota mchana. Bahari ya Hindi iko upande wa pili wa nchi, zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara. Wengi wa wanaomsikiliza hawajawahi kuiona, na yeye mwenyewe huenda ameijua kupitia televisheni ya mgahawa au simu ya rafiki.

Hata hivyo, ukilichunguza suala hili kwa makini utaona kwamba ndoto hiyo haina kasoro kubwa. Kasoro iko katika namna inavyopangwa. Kijana huanza kufikiria mwisho wa safari, yaani bahari, wakati mlango wa kuingilia fani hiyo uko ndani ya mkoa wake mwenyewe. Makala haya yanajaribu kuonesha mlango huo, gharama zake, na hesabu halisi ya ajira ambayo wazazi wanastahili kuijua kabla ya kuuza shamba la migomba au magunia ya maharage.

Bahari iliyodhaniwa kuwapo Kigoma

Wazo la kuwatafuta viumbe wa bahari mkoani Kigoma si geni. Mwishoni mwa karne ya 19 liliwasumbua wanasayansi wa Ulaya kwa miaka kadhaa.

Katika Ziwa Tanganyika wanaishi konyeza, wale viumbe laini wenye umbo la mwavuli ambao wavuvi wa pwani huwaogopa kwa sababu huwasha. Wa ziwani ni wadogo, wakubwa wao wakiwa na upana wa sarafu tu. Sambamba nao wapo konokono wenye magamba mazito yenye nakshi, yanayofanana mno na ya konokono wa baharini. Dagaa wa Kigoma naye ni wa ukoo mmoja na simu na saradini wa baharini.

Mambo hayo yalimfanya mtaalamu wa wanyama kutoka Uingereza, J. E. S. Moore, afike ziwani kwa safari mbili, ya kwanza mwaka 1896 na ya pili mwaka 1899 hadi 1900. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1903 alidai kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Safari nyingine ya kisayansi iliyoongozwa na W. A. Cunnington mwaka 1904 na 1905 ilikusanya ushahidi uliolidhoofisha dai hilo, na leo wataalamu wanakubaliana kwamba konokono wale walipata maumbo hayo humo humo ziwani. Ziwa ni kongwe, lina umri unaokadiriwa kuwa miaka milioni tisa hadi 12, muda uliotosha viumbe wake kubadilika kwa namna yao. Kuhusu dagaa, uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008 ulionesha kwamba asili yao ni samaki wa baharini walioingia katika mito ya Afrika Magharibi mamilioni ya miaka iliyopita, na uzao wao ukafika Tanganyika baadaye.

Historia hiyo inambeba kijana wa Kasulu kuliko anavyofikiri. Maswali anayotaka kuyajibu kuhusu bahari, kama vile samaki anazaliana wapi, anakula nini, anahama lini na kwa nini anapungua, yote yanaulizwa kila siku umbali wa takribani kilomita 100 kutoka mjini Kasulu. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470, likiwa la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Lina aina zipatazo 250 za samaki wa jamii ya perege na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote. Wapo wanasayansi wanaovuka bahari mbili kuja kuliangalia.

Mlango ulio karibu

Kwa upande wa mafunzo, taasisi inayopaswa kutajwa kwanza ni Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, maarufu kwa kifupi cha FETA. Wakala huo ulizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa kuunganisha chuo cha Mbegani, kilichopo Bagamoyo katika ufukwe wa Bahari ya Hindi, na kile cha Nyegezi, Mwanza, katika Ziwa Victoria. Baadaye ulipanuka hadi kuwa na kampasi Kibirizi mjini Kigoma, Mikindani mkoani Mtwara na Gabimori mkoani Mara.

Kuwapo kwa Kibirizi kuna maana kubwa kwa nyanda za juu za Kigoma. Mwanafunzi wa Kibondo au Kasulu anaweza kusoma misingi ya fani hii bila kupanda treni kwenda pwani, akiwa jirani kabisa na mwalo ambao dagaa na migebuka hushushwa kila asubuhi. Akitaka bahari baadaye, Mbegani na Mikindani ziko chini ya wakala huo huo.

Ngazi ya kuanzia ni astashahada ya awali kwa mhitimu wa kidato cha nne, na kwa miaka mitatu mwanafunzi anaweza kufika stashahada. Fani zinazofundishwa na wakala huo ni pamoja na usimamizi wa uvuvi, ukuzaji viumbe maji, usindikaji na ubora wa samaki, na uendeshaji wa vyombo na zana za uvuvi. Kwa kawaida mwombaji anatakiwa awe amefaulu angalau masomo manne, huku masomo ya sayansi yakipewa uzito. Masharti kamili ya kila kozi hutolewa katika mwongozo wa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), na ni busara kuusoma mwongozo wa mwaka husika badala ya kutegemea maneno ya mtaani.

Kwa anayepita kidato cha sita akiwa na baiolojia na kemia, njia ya shahada iko wazi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha sayansi za majini na uvuvi, na kina Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1978, ambayo makao yake yako Zanzibar. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinatoa shahada ya ukuzaji viumbe maji, na ndicho pia kinachofundisha udaktari wa mifugo kwa yule ambaye shauku yake ni kutibu wanyama.

Kuna mfano wa wazi unaoonesha kwamba ziwa na bahari vinaweza kukaa katika maisha ya mtaalamu mmoja. Dk. Ismael Kimirei, aliyefanya kazi katika kituo cha Kigoma cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) na baadaye akawa Mkurugenzi Mkuu wa taasisi hiyo, alipata shahada yake ya uzamivu mwaka 2012 katika Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Utafiti wake haukuhusu dagaa wa Kigoma. Ulihusu mikoko na nyasi za bahari za pwani ya Tanzania, kama makulio ya samaki wanaokuja kuishi katika matumbawe.

Mlango unafungwa kidato cha pili

Tatizo la kwanza kwa vijana wa Kasulu na Kibondo halianzii chuoni. Linaanza mapema zaidi, katika shule za sekondari za kata.

Kwa utaratibu uliozoeleka kwa miaka mingi, mwanafunzi huendelea na baiolojia na hisabati hadi kidato cha nne, lakini fizikia na kemia anaweza kuziacha baada ya kidato cha pili. Katika shule isiyo na maabara iliyokamilika, au yenye mwalimu mmoja wa sayansi kwa madarasa yote, uamuzi wa kuziacha huonekana wa busara. Mtoto anaogopa kufeli, shule nayo inaogopa kushuka katika orodha ya ufaulu.

Matokeo yake ni kwamba msichana wa miaka 15 anaiaga kemia bila mtu yeyote kumweleza kwamba ameiaga pia sayansi ya bahari. Bila kemia hataelewa chumvi, hewa ya oksijeni majini wala sumu inayoua samaki, na bila kemia milango mingi ya kidato cha tano na ya shahada katika fani hii haifunguki. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeongeza mkondo wa amali katika sekondari, lakini ukweli huo kuhusu sayansi haujabadilika.

Tatizo la pili ni fomu za uchaguzi. Mwanafunzi wa kidato cha nne hujaza tahasusi na vyuo anavyovitaka kabla ya kujua atapata alama gani. Vyuo vya uvuvi vimo katika machaguo hayo, lakini katika wilaya ambazo hakuna aliyewahi kumwona afisa uvuvi akiwa na gari, mstari huo hupitwa. Hapa ndipo ofisi ya elimu ya wilaya inapoweza kusaidia bila kutumia shilingi nyingi: siku moja ya kumwalika mtaalamu kutoka Kigoma kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha pili, kabla hawajachagua masomo, ingetosha kubadili mambo kwa baadhi yao.

Hesabu ya ajira

Mzazi anayelipa ada anastahili kuambiwa ukweli kuhusu soko. Tanzania haina bwawa la maonesho ambamo pomboo hufunzwa michezo, na kazi ya namna hiyo, ambayo ndiyo vijana wengi huiona katika filamu, haipo nchini. Kazi zilizopo ni za aina nyingine.

Ya kwanza ni ya serikali: afisa uvuvi katika halmashauri, mtafiti au fundi wa maabara wa TAFIRI, mkaguzi wa ubora wa mazao ya uvuvi, au mhifadhi katika Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Nafasi hizi hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ni chache, na ushindani wake ni mkubwa. Hifadhi za bahari zenyewe ni tatu: Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 na kuwa ya kwanza nchini, Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mkoani Mtwara, ya mwaka 2000, na ile ya silikanti mkoani Tanga, ya mwaka 2009. Zinaongezewa nguvu na visiwa vidogo vilivyotengwa. Kwa nchi yenye vijana wengi kama yetu, nafasi katika hifadhi tatu haziwezi kuwa tegemeo la kila anayependa samaki.

Ya pili ni ya utalii na uhifadhi usio wa serikali. Katika kisiwa cha Mafia, papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huonekana karibu na ufukwe hasa kati ya Oktoba na Machi, na wageni hulipa kuogelea karibu naye. Kizimkazi, Unguja, pomboo waliokuwa wakiwindwa ili wawe chambo cha papa waligeuka kuwa kivutio cha watalii kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika kisiwa cha Chumbe, kilichotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, wavuvi wa zamani walifundishwa wakawa walinzi wa matumbawe na waelekezaji wa wageni. Funzo la Chumbe ni kwamba cheti si njia pekee ya kuingia. Hata hivyo, wale waliochukuliwa walikuwa na kitu ambacho kijana wa Kibondo hana: walikuwa wanaijua bahari tangu utotoni.

Hapa kuna jambo la kisheria ambalo wengi hawalijui. Uvuvi si jambo la Muungano, ukiacha ule wa bahari kuu unaosimamiwa kwa pamoja kupitia Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu. Kwa hiyo ajira za serikali katika uvuvi na hifadhi za Zanzibar ziko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kijana wa Kasulu anayewaza Unguja au Pemba anapaswa kuwaza zaidi kampuni binafsi, mashirika ya uhifadhi, au Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ya tatu ni ya kujiajiri au kuajiriwa katika ufugaji wa samaki. Mabwawa ya perege na kambale yanachimbika katika mabonde ya Kasulu na Kibondo, ambako maji ya mito hayakauki upesi kama katika mikoa ya kati. Anayejua kuzalisha vifaranga bora, kutengeneza chakula cha samaki kwa malighafi ya eneo lake na kutambua ugonjwa mapema, anaweza kupata kipato bila kusubiri tangazo la ajira. Kwa wahitimu wengi wa stashahada hii ndiyo njia ya haraka zaidi, ingawa haina picha nzuri ya kuiweka ukutani.

Kuhusu ada, serikali ilianza mwaka wa masomo 2023/24 kutoa mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika fani teule kupitia Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Orodha ya fani hizo hutolewa katika mwongozo wa kila mwaka. Mzazi ahakikishe kama kozi ya mwanawe imo kabla ya kupanga bajeti kwa kuitegemea.

Yale yasiyofundishwa darasani

Wenye uzoefu wa kazi za majini wanajua kwamba cheti pekee hakimvushi mtu. Kuna mambo manne ambayo kijana wa nyanda za juu anapaswa kuyaanza mapema kwa sababu wenzake wa pwani wamemtangulia.

Kwanza ni kuogelea. Kasulu na Kibondo ni wilaya za milima na mito, na mito yake ina mamba na kiboko, hivyo watoto hukatazwa maji, na ni haki yao kukatazwa. Lakini anayetaka kuzamia ili ahesabu samaki wa matumbawe hawezi kuanza kuogopa maji akiwa na miaka 22. Ajifunze mahali salama, chini ya mtu anayejua, mara tu anapofika Kigoma au chuoni.

Pili ni tabia ya kuandika. Sayansi ya samaki imejengwa juu ya daftari: nani kavua nini, wapi, kwa zana gani, uzito gani. Katika mialo ya ziwa, vikundi vya usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, maarufu BMU, hushiriki ukusanyaji wa takwimu za aina hiyo. Kijana anayejitolea wakati wa likizo kusaidia kazi hiyo hujifunza kutofautisha dagaa na lumbu, na mgebuka mchanga na mpevu, jambo ambalo kitabu hakitamfundisha kwa usahihi ule ule. Siku ya usaili atakuwa na la kusema.

Tatu ni lugha, na katika hili Kasulu na Kibondo zina mtaji ambao hautajwi. Kiha kinaelewana kwa karibu sana na Kirundi. Ziwa Tanganyika linamilikiwa na nchi nne, Kongo ikiwa na sehemu kubwa zaidi ya takribani asilimia 45, Tanzania asilimia 41, na zilizobaki ni za Burundi na Zambia. Mkataba wa nchi hizo kuhusu usimamizi endelevu wa ziwa ulitiwa saini jijini Dar es Salaam Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyotokana nao ina makao yake Bujumbura. Mtaalamu anayejua Kiswahili, Kiha, Kiingereza na Kifaransa kidogo ana nafasi mezani ambayo mhitimu wa Dar es Salaam mwenye alama nzuri zaidi huenda asiipate.

Nne ni uvumilivu wa hali ya kazi. Kazi ya viumbe wa majini ni ya usiku, ya harufu, ya jua na ya mashua zinazoyumba. Mwenye kutafuta ofisi yenye kiyoyozi atakuwa amepotea njia.

Kwa nini suala hili si la mtu binafsi tu

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini gazeti lihangaike na ndoto za vijana wachache wakati wilaya zina upungufu wa walimu na wauguzi. Jibu liko katika hali ya ziwa lenyewe.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionesha kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza mchanganyiko wa maji ya juu na ya chini katika Ziwa Tanganyika, kiasi kwamba uzalishaji wa mimea midogo ambayo ndiyo msingi wa chakula cha samaki ulikuwa umeshuka kwa takribani asilimia 20. Watafiti hao walikadiria kwamba anguko hilo linamaanisha pungufu la samaki la takribani asilimia 30. Ziwa hilo limekuwa likiwapatia watu wa nchi zinazolizunguka kati ya asilimia 25 na 40 ya protini ya wanyama wanayokula. Kwa kaya ya Kasulu inayonunua fungu la dagaa mara mbili kwa wiki, takwimu hizo ni bei ya mboga.

Tatizo lilipokuwa zito, Tanzania ilisimamisha shughuli za uvuvi katika upande wake wa ziwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kufuatia makubaliano ya nchi zinazolimiliki. Uamuzi kama huo unahitaji watu wa kupima kama umefanikiwa, wa kueleza wavuvi kwa lugha wanayoielewa, na wa kusema kwa ujasiri iwapo haukufanikiwa. Watu hao wakitoka mbali kila mara, uamuzi utaonekana wa kuletwa.

Nyanda za juu zina mkono wao katika suala hili. Udongo unaochukuliwa na mvua kutoka mashamba ya miinuko huishia mitoni na hatimaye ziwani, ambako hufunika miamba wanakotaga na kujilisha samaki wadogo. Mto Malagarasi, unaoanzia katika vilima vya mpaka wa Burundi, hupita katika ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, lenye ukubwa wa hekta 3,250,000. Kibondo na Kasulu ni majirani wa eneo hilo.

Ndani ya mto huo wanaishi samaki ambao hawajulikani kwingine, akiwamo karomo, mmoja wa jamii ya perege, ambaye wataalamu wa uhifadhi duniani wamemworodhesha miongoni mwa walio katika hatari kubwa ya kutoweka. Na hapa ufugaji uliosifiwa hapo juu unaonesha upande wake wa pili. Sato wanaofugwa katika mabwawa hukua haraka, lakini si wenyeji wa mto huu. Mvua kubwa ikipasua kingo za bwawa, wanaweza kuingia mtoni, wakawanyang'anya wenyeji chakula na mazalio, au wakazaliana nao hadi asili ikapotea. Mtu wa kumwambia mfugaji wa Kasulu bwawa lijengwe wapi, kingo ziwe na kimo gani na afuge samaki yupi ni afisa uvuvi aliyesoma. Wilaya isiyo naye inaacha jambo hilo liamuliwe na mvua.

Kumbukumbu ya manamba

Katika enzi za ukoloni, maelfu ya wanaume wa Buha, nchi ambayo leo ni Kasulu, Kibondo na jirani zake, waliifikia Bahari ya Hindi. Walikwenda kama manamba, kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na kwingineko. Waliiona bahari wakiwa wamechoka, kwa mkataba wa mtu mwingine, na wengi walirejea bila kuwa na neno la kuwasimulia watoto wao zaidi ya mkonge na malaria.

Wajukuu na vitukuu wa watu hao wanaweza kwenda Tanga kwa sababu nyingine. Huko ndiko wavuvi wa nyavu walikoanza kuwanasa kwa wingi silikanti, samaki wa kale ambaye sayansi iliamini ametoweka tangu enzi za madinosaria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye Tanzania ilimwona kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Hifadhi iliyoanzishwa kwa ajili yake inahitaji watu wa kuielewa, na hakuna sheria inayosema watu hao wazaliwe pwani.

Lakini safari hiyo haitapangwa Tanga. Itapangwa katika darasa la kidato cha pili, siku mwanafunzi anapoulizwa kama anaendelea na kemia. Wakuu wa shule, maofisa elimu na madiwani wa Kasulu na Kibondo wana uwezo wa kuhakikisha kwamba siku hiyo mtoto anajua anachokichagua na anachokiacha. Wazazi nao wana wajibu wa kuuliza swali ambalo halijaulizwa sana katika vilima hivi: chuo cha Kibirizi kinapokea waombaji lini, na je, mwanangu anakidhi masharti?